Mteremko Tuliougombania Mimi na Wewe

Kibondo, Jumamosi mchana

Mwanangu Imelda,

Amani iwe nawe. Nakuandikia ukiwa Kasanda kumuaga shangazi yako. Baba yako yuko uani anahangaika na kufuli la sanduku lako, anasema limekula kutu lakini atalishinda. Mimi nimekaa hapa mlangoni penye mwanga. Kesho gari la tangi linaondoka na wewe ndani yake, na kwa jinsi tulivyoishi miezi hii, najua kesho hatutasema lolote la maana. Utaniuliza hiki kiko wapi, nitakujibu kiko pale, basi.

Mambo ya sabuni, na dawa ya malaria, na kutolala na mlango wazi nimeshakuambia mpaka umechoka kunisikia. Mengine shangazi yako atakuambia leo, maana yeye hana haya. Mimi nataka kuongea nawe juu ya ule mteremko. Nusu yake unaijua kuliko mimi, lakini hujawahi kuusikia kutoka upande niliokuwa nimesimama.

Kilima kile kilikuwa na miti ulipokuwa darasa la pili. Kisha watu wakaja kwa maelfu kutoka ng'ambo, Burundi, wakikimbia vita, kambi zikajaa, kuni zikatafutwa kila mahali, na sisi wenyeji tukakata vilevile tukisema ni wao. Kilipobaki kipara likaja katapila la kituo cha afya. Lilikata kilima kama mche wa sabuni unavyokatwa kwa waya, udongo likausukuma mbele ili kupata kiwanja. Udongo ule uliomwagwa ndio uliofanya mteremko wetu: mwekundu, mlaini, ukiangalia moja kwa moja nyumba zetu na jiko la Mama Yosia.

Msimamizi wa ujenzi alinijia mimi. Alisema mteremko utabandikwa ukoka kabla ya mvua kubwa, wanawake wataukata bondeni pamoja na udongo wake, mabamba kwa mabamba, wataubeba na kuupanga pale juu kama vigae. Akaniuliza kama naweza kuwakusanya wanawake na kuwa mnyapara wao.

Imelda, sijui kama unaelewa kilichonipata siku ile. Unajua nilivuka mpaka nikiwa mtoto mgongoni mwa baba yangu. Kitanga nimekulia, Kiha nazungumza kama waliozaliwa hapa, nimeolewa na Mha, na kwa miaka mingi watu walikuwa wamesahau nilikotoka. Kambi zilipofunguliwa wakakumbuka. Kisimani mtu alinisogezea ndoo yangu kando kwa mguu akasema, "Ninyi maji yenu mnaletewa na magari." Sokoni muuza dagaa niliyemnunulia tangu wewe unanyonya aliniuliza nitarudi lini kwetu. Sikuwa nakuambia haya. Nilirudi nyumbani nikapika.

Sasa mara wanawake walewale wanakuja uani kwangu asubuhi na mapema, wananiita Mama Imelda kwa sauti ya chini, wanaomba nisiwasahau. Tereza mwenyewe, ambaye hajawahi kuniazima hata chumvi, alileta mkungu wa ndizi. Utamu ule ulinilevya. Nilimwahidi kila aliyekuja. Sikujiuliza kama kazi ingetosha wote, wala kama lile bonde tulilotaka kulichuna ngozi lina wenyewe wanaolima maharage pale kiangazi. Nilitaka tu waendelee kuja.

Ndipo akaja Injinia Mhina na gari lake la tangi.

Nilikuwepo alipopanda mteremko kwa mara ya kwanza. Alichuchumaa, akachukua udongo, akaufinya, akauachia ukamwagika kama unga. Akamwambia msimamizi, "Hapa ukoka wa kubandika utateleza. Udongo huu haujashikana. Tutapulizia mbegu."

Nikamuuliza, "Na wanawake hawa niliowaahidi?"

Alinitazama kwa adabu kabisa. "Mama, mimi nimeletwa kwa ajili ya udongo," akasema.

Jibu lile liliniunguza. Nimelifikiria sana tangu hapo na sidhani alikuwa na ubaya. Alisema kweli ilivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba juu ya udongo kuna watu, na yeye hakuwa na tabia ya kuuliza.

Kisha akauliza kama kuna kijana anayeweza kusoma maandishi ya kwenye magunia ya mbegu na kupima mchanganyiko. Baba yako akakutaja wewe. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, matokeo yakawa kama yalivyokuwa, na tangu hapo ulikuwa unakaanga vitumbua na kutoniangalia usoni. Jioni ile ulirudi unanuka samadi, umejaa rangi ya kijani mpaka kwenye nyusi, na ulikuwa unacheka. Ulikaa pale jikoni ukanieleza kwa mikono. Maji kwenye tangi, samadi iliyochekechwa, nyasi kavu zilizokatwakatwa, gundi, rangi ya kuonyesha mahali mpira wa kupulizia ulipokwisha kupita, na mbegu.

"Mama, mbegu zinaogelea," ulisema. "Ukichungulia ndani unaziona zinazunguka."

Sijawahi kukuona hivyo tangu matokeo yalipotoka. Nami nikakuuliza, "Kwa hiyo mpira mmoja unafanya kazi ya wanawake wote wale?"

"Sikuuleta mimi, mama."

"Lakini umeushika."

Uliinuka ukaenda kuoga. Ningeweza kukuita urudi. Uji ulikuwa umeiva, ningeweza kusema njoo unywe. Nilikaa nikakoroga uji uliokwisha kuiva.

Kesho yake Tereza akaniambia mbele ya wote, "Dafroza, mwanao ameshika mpira. Wewe utashika nini?" Nikajibu kwa vitendo. Nilipanda mteremko nikakaa chini, katikati, nikanyoosha miguu. Wakaja wote wakakaa. Tulileta vyungu, tulileta watoto, tuliimba. Gari la tangi likasimama chini na wewe umeegemea gurudumu, unatutazama.

Siku zilizofuata mvua ilinyesha ile ndogo ya mwanzo, ya kulowesha vumbi tu. Sisi tulijifunika kanga na mifuko ya nailoni hatukuondoka. Injinia alikuja kila siku na uso ukizidi kukunjamana. Siku moja alipanda mpaka nilipokaa, akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, mvua hizi ndogo ndizo ninazozihitaji. Mbegu ikilowa polepole inashika mizizi. Zikija kubwa kabla haijashika, tumekwisha wote."

Nilimsikia, mwanangu. Sitaki ufikiri kwamba sikumwelewa. Mimi ni mkulima, najua mbegu inataka nini. Nilielewa kila neno, na nikaona kwamba anayeniomba sasa ni yeye. Nikamwambia, "Tupe nusu."

Msimamizi akachoka, akatukatia nusu. Akaniambia nichague upande. Nilichagua ule unaoonekana kutoka barabara ya Kasulu, ili kila anayepita kwa lori aone kazi ya wanawake wa Dafroza. Ulikuwa upande ulio juu ya jiko la Mama Yosia. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wetu, na alifurahi. Alisema kila akitoka kuchota majivu atainua macho aone kijani badala ya vumbi.

Tulifanya kazi nzuri. Hilo nalisema mpaka leo. Tulikata ukoka bondeni kwa majembe yaliyonolewa, tukaubeba juu ya mbao, tukaupanga ukingo kwa ukingo. Baba yako alichonga vigingi tukaupigilia. Siku ile ile jioni upande wetu ulikuwa kijani kama umekuwepo tangu enzi. Watu wa sokoni walisimama kutazama. Upande wenu ulikuwa umepakwa uji wa rangi, ukikauka unapasuka, na watoto walisema kilima kimetapika.

Wanawake walikuwa wananizunguka, nami nimeshika kiuno, na wewe ulikuwa unakunja mpira. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Mwanangu alisoma mpaka kidato cha nne ili aje kumwaga maji ya kuoshea vyombo." Walicheka sana. Wewe hukuinua uso. Ulikunja mpira mpaka mwisho, ukaufunga kwa kamba, ukaupakia garini.

Maneno mengine nimekusemea maishani makali kuliko hayo, lakini yale yalikuwa ya ndani, na kwa hasira. Haya niliyasema nikiwa na furaha. Ndiyo maana hayanitoki.

Mvua kubwa haikungoja. Ilitoka upande wa Burundi mchana, wingu jeusi mpaka kuku wakaingia kulala. Nilikuwa hapa nyumbani naingiza mahindi. Ilipiga, ikapiga, kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua, kama mtu anaburuta gunia zito, refu lisilo na mwisho. Nilipotoka nje, upande wetu wa mteremko ulikuwa unashuka. Haukubomoka vipande vipande. Ulikuja mzima na ukoka wake juu, kama mkeka unaovutwa, na vigingi vya baba yako vimesimama bado, na ukaingia ndani ya jiko la Mama Yosia na kulilaza.

Nilikimbia mpaka pale nikasimama. Hilo pia nataka ulijue kutoka kwangu, ingawa uliliona. Nilisimama nimeweka mikono kichwani, nikawa napiga kelele tu. Wewe na wale vijana wa tangi mlikuwa mmekwisha kufika. Ulikuwa umepiga magoti unachimba kwa mikono. Ukanigeukia, na hukunibembeleza wala nini, ulisema kama unavyosema na mfanyakazi:

"Mama, shika mwamba huu. Usiuachie mpaka niseme."

Nikashika. Mwamba ule wa paa ulikuwa mzito, lakini sikuuachia kwa sababu hukuwa umesema. Mlimtoa Mama Yosia akiwa hai, mguu umevunjika mara mbili, mdomo umejaa udongo. Mlimbeba kwenye mlango mlioung'oa mpaka hospitali. Mimi nilibaki nimekaa kwenye ukoka. Ulikuwa bado mzuri. Ulikuwa unameta kwa maji.

Upande wenu nao haukupona. Maji yalichora mifereji kama makucha, mbegu nyingi zikashukia mtaroni. Lakini udongo ulibaki mahali pake. Injinia Mhina alitembea juu yake akiwa amelowa chapachapa, akasema bila kumlenga mtu, "Ingekuwa imeota hata wiki moja tu." Nilikuwa karibu. Nilihesabu kimyakimya zile siku tulizokaa na vyungu vyetu.

Kisha kikaitwa kikao. Wewe ulikuwa umesimama nyuma karibu na dirisha. Unakumbuka Tereza alivyosimama akasema ni maji ya pampu yaliyolowesha kilima kikalegea, na kwamba msichana aliyekuwa ameshika mpira anajulikana. Wanawake wakaitikia. Mwenyekiti akanigeukia mimi, mnyapara, akaniuliza ninasemaje.

Ilikuwa rahisi kunyamaza tu. Kunyamaza kungetosha. Nikasimama nikasema, "Ukoka ule, mahali pale, nilichagua mimi. Na siku tulizokaa mteremkoni mbegu zikikosa mvua yake, mimi nilikaa mbele."

Ulitoka nje kabla sijakaa. Hatujawahi kuzungumza juu ya siku ile, na nimeona ukiniangalia mara nyingine kama mtu anayetaka kusema asante. Usiseme. Si kwamba nilikutetea wewe. Ungekuwa mtoto wa mwingine ingenibidi niseme vilevile. Nakuandikia kwa sababu nilidhani nikisema kweli nitapumua. Sikupumua. Hakuna aliyeniambia nimefanya vyema. Wale wanawake waliacha kuja uani, Tereza akaacha kunisalimia, na kisimani nikarudi kuwa yule wa kuja. Ukisema kweli huko uendako, useme tu kwa sababu ndivyo mambo yalivyo. Usingoje malipo yake, yanaweza yasije.

Nilikwenda wodini na uji wa ulezi. Mama Yosia alikuwa amelala chali, mguu umefungwa mbao.

Nikamwambia, "Mama Yosia, nimekuja."

"Nakuona," akasema. "Dafroza, mabamba yale nami niliyabeba kichwani. Nimejiambia hivyo kila siku hapa kitandani. Lakini wewe ndiye uliyechagua upande."

"Ego," nikaitikia kwa Kiha. "Ni mimi."

Akageukia ukutani. Uji alikunywa baadaye, muuguzi aliniambia. Mpaka leo nampelekea kuni na maji maana mguu ule haukunyooka, na yeye huvipokea, hunikaribisha kiti, tunaongea juu ya mvua na bei ya chumvi. Hajasema amenisamehe na mimi sijamwomba. Naogopa nikimwomba atalazimika kusema ndiyo kwa sababu mimi ndiye ninayemchotea maji. Sijui njia ya kutoka hapo. Nakuachia jambo hili kama lilivyo; si kila kitu mama yako amekimaliza.

Sasa nije kwa kile ulichokifanya wewe, ambacho sijawahi kukutamkia.

Mvua zilipolegea Injinia alitaka kurudia kupulizia mteremko mzima. Ulimwambia mbegu peke yake haitasimama pale palipomomoka, panahitaji kitu cha kuzuia maji yasikimbie. Ukamwambia wanawake hapa wanasuka majani ya kuezekea tangu wakiwa watoto. Wasuke kamba nene za majani, zilazwe kukata mteremko, ngazi kwa ngazi, zipigiliwe, kisha mpira upite juu yake. Na nyasi za kukatakata za tangini zitoke kwao pia, badala ya kuletwa na lori kutoka Kasulu. Injinia akakubali, maana kwa habari za udongo yeye ni mtu mwelewa. Na ukaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaomba wanawake waliokuita msichana anayejulikana. Ulianza kwa Tereza. Sijui ulimwambia nini. Nilimwona tu siku ya pili amebeba mzigo wa nyasi, ameinua kidevu kama kawaida yake.

Kisha ukaja hapa jikoni ukasimama mlangoni.

"Mama, njoo ufanye kazi nasi," ulisema. "Lakini Tereza ndiye atakuwa mnyapara."

Iliniuma. Nisikufiche. Niligeuza uso nikajifanya nakuna macho kwa moshi. Lakini ulikuwa umefikiri sawasawa, na ulikuwa na ujasiri wa kunijia uso kwa uso badala ya kumtuma baba yako. Nilikuja. Nilikaa mwisho wa mstari nikakata nyasi kwa panga chini ya Tereza, naye alinikosoa kila alipoweza, eti zangu ni ndefu zitaziba mpira. Kweli zilikuwa ndefu.

Hapo ndipo nilipokutazama kwa mara ya kwanza bila hasira. Ulikuwa juu ya tangi, kitambaa umefunga mdomoni, unaupeleka mpira taratibu kutoka juu kushuka chini, si mwingi mahali pamoja, mkono wako unapunga kama wa mtu anayepepeta. Mara ukapaza sauti, "Simamisha pampu," na Injinia mwenyewe akakimbia kuizima bila kuuliza kwa nini. Ulishuka ukachungulia uji, ukaupapasa kwa vidole, ukasema umekuwa mzito, ongeza maji. Nikawaza: huyu ni nani? Amekaa nyumbani kwangu miaka yote hii akikaanga vitumbua.

Nyasi zilipotoka nilikwenda kuziona kabla watu hawajaamka. Hukujua. Zilikuwa laini, nyembamba, ukiinama ndipo unaziona, ukisimama unaona udongo tu. Haikuwa kazi ya kumsimamisha mtu wa lori. Leo zimeshika, ingawa mbuzi wamekula kona ya juu na mahali pengine pana upara, na mtaroni zimejaa mahali ambapo hakuna aliyezitaka. Mvua iliyopita udongo haukushuka. Mama Yosia amejenga jiko jipya, lakini amelijenga upande wa pili wa nyumba.

Uliponiambia Injinia anakutaka uende naye Iringa kwenye miteremko ya barabara mpya, nilisema hapana kabla hujamaliza. Nilisema njia ni ndefu. Nilisema madereva. Nilisema msichana mmoja kati ya wanaume. Nilitaja ugonjwa wa siku hizi, na hilo sikulitaja kukutisha bure. Ulikuwepo tulipomzika binamu yako Agnesi tukawaambia watu ni kifua. Ulijibu kila moja kwa upole mpaka nikaishiwa. Baba yako alikuwa anakula. Akasema bila kuinua kichwa, "Dafroza, wewe ulikuja Kibondo ukiwa mdogo kuliko yeye." Nikamnyang'anya mchuzi.

Ukweli ni kwamba naogopa utakuwa wa kuja. Huko Iringa utafungua mdomo, watakisikia Kiha ndani ya Kiswahili chako, watakuuliza wewe ni wa wapi, nawe utasema Kigoma, na watakuuliza tena, Kigoma ipi, ya hapa au ya kule? Mimi nimeishi na swali hilo maisha yangu yote na sikuwahi kupata jibu zuri la kukurithisha. Nilijaribu kulijibu kwa kupendwa. Niliwapa watu kazi, nikawapa ahadi, nikawapa kicheko kwa gharama yako, ili wasiniulize tena. Walicheka, kisha wakaniuliza tena. Wewe ulipokwenda kwa Tereza hukwenda kutafuta kupendwa, ulikwenda kutafuta kamba za majani. Nadhani hiyo ni njia bora, ingawa sina hakika. Wewe ndiye utakayejua.

Mhina ni mtu mwema, lakini wema wake ni wa udongo. Usitarajie akumbuke kama umekula au kama mahali unapolala pana komeo. Mkumbushe, usione haya. Na mkifika mahali, kabla hamjafungua mpira, uliza wewe kile ambacho yeye hawezi kuuliza: nani alikuwa anaitegemea kazi hii kabla hatujaja? Wataanza kukuchukia mapema kidogo, lakini angalau utawajua majina.

Kuna jambo moja limebaki na ni la zamani, la kabla yako.

Asubuhi nilipoondoka Kitanga kuja kuolewa, ndugu wa baba yako walikuwa wamekwisha kufika, watu wamejaa uani. Mama yangu alikuwa jikoni na hakutoka. Nilikwenda mpaka mlangoni, ndani palikuwa na giza, nikasema, "Mama, ninaondoka." Akajibu, "Genda, mwana wanje, nenda. Mimi maharage haya yana mawe mengi." Nilingoja. Nilisikia anachambua. Wakaniita, nikaenda. Nilitembea njia nzima nimemkasirikia, na nikakasirika miaka, kwamba mama aliona maharage ni bora kuliko mimi.

Nilirudi kwa mazishi yake. Jirani aliyekuwa naye jikoni siku ile akaniambia hapakuwa na maharage. Alikuwa amekaa na ungo mtupu magotini, anauchezea kwa vidole. Alimwambia yule jirani kwamba alimuaga mama yake mwenyewe ng'ambo kule, siku tuliyokimbia, alimtazama usoni vizuri kabisa, na hakumwona tena. Kwa hiyo mimi hakutaka kunitazama. Alidhani asiponitazama nitarudi.

Nilikuwa nimefikiria kesho niamkie shambani. Tangu juzi nilikuwa na mpango huo, na jembe nimeliweka mlangoni. Sasa nimeona baba yako amelirudisha darini, hakusema kitu.

Gari likija, mwanangu, nitatoka nje. Nitakuja mpaka barabarani nisimame mbele ya mlango wa gari. Sijui uso wangu utakuwaje, lakini utauona.

Mama yako,
Dafroza